Mto Uliocheua

Huko kaskazini, ambako ardhi ilikuwa imeganda tangu enzi za mababu, mto ulianza kucheua. Viputo vya hewa ya ukaa vilipanda mchana kutwa, na kila vilipopasuka joto lilizidi kidogo.

Dubu, aliyejifanya kadhi wa bonde, akamwita Fisimaji, mkazi wa mtoni.

"Mnacheua mbele za watu, hata samahani hamsemi," alisema Dubu. "Mmekula nini huko?"

"Sisi hatujala kitu, mzee. Ni majani na mizizi ya kale iliyokuwa imeganda ardhini. Sasa ukingo unayeyuka, inaangukia majini na kuoza. Mto umekula ulichopakuliwa."

"Na nani aliyeuyeyusha ukingo?"

Fisimaji aliinamisha kichwa. Aliona haya kusema. "Ardhi ilikuwa na blanketi lake, mzee, yale majani mafupi mororo. Kuna mtu aliyabandua, jua likaingia."

"Mtaje. Nitamfukuza bondeni leo hii, mbele ya wote."

Fisimaji alitazama tu pale Dubu alipokalia, na wanyama wote wakatazama hapohapo. Lilikuwa rundo nene la majani mororo, limeshaanza kukauka.

Dubu alitaka kuondoka, lakini akiinuka wangeliona lote. Akabaki ameketi, masikio yamelala, macho hana pa kuyaweka.

Mto ukacheua tena.

"Samahani," akasema Dubu.