Kifungo cha Kijani

Kifungo cha kijani ndicho kilichomsimamisha Maman Nsimire katikati ya mstari. Akakiwekea kidole, akakisoma tena, silabi kwa silabi.

Ilikuwa jioni, katika chumba cha parokia huko Bagira ambamo watu wazima husoma baada ya kazi. Mwalimu Gérard alikuwa amewagawia karatasi yenye mashairi mawili kuhusu mashamba. Majina ya watunzi aliyaondoa, ili watu wapime maneno, si mtu.

"Tulinganishe," alisema. "Wa kwanza anaonyesha mvua ya kule Luberizi kama jeshi. Inashuka mulimani na risasi, mupunga unainua mikono. Na wa pili?"

Wa pili aliandika juu ya mgomba:

*Waliuangusha bila vita,*
*wakauvika shati jeupe,*
*kifungo kimoja cha kijani,*
*wakaulilia kama mtu.*

"Mugomba inavaa shati?" akauliza Papa Apollinaire, fundi viatu. "Huyu mutunzi alikunywa pombe ya kasiksi mbele ya kuandika!"

Darasa likaangua kicheko. Gérard naye akatabasamu. "Ni picha tu, papa. Wa kwanza anavalisha mvua nguo za vita. Wa pili anavalisha mugomba kifo."

Maman Nsimire hakucheka. Alifanya ishara ya msalaba chini ya meza, kisha akainua mkono.

"Mwalimu, unisamehe. Hapa hakuna picha. Kwetu Mumosho, mutoto akipotelea mu vita na mwili hauonekane, tunazika mugomba pahali pake, roho yake ipate kupumzika. Mimi nilizika moja ya Josué wangu. Sasa ni miaka kumi na moja."

Kicheko kikazimika. Apollinaire akavua kofia. "Pole, maman. Kinywa changu hakina mulango."

Habari ya kifungo hakuwaambia. Shati alilouvika mgomba wake lilikuwa la komunyo ya kwanza ya Josué. Kifungo kimoja kilipong'oka, alishona alichokuwa nacho, cha kijani, na mtoto akaenda kumpokea Bwana akiwa amekifunika kwa kiganja.

Waliosimama kando ya kaburi lile walikuwa saba. Akawapitia mmoja mmoja moyoni. Papa Zagabe, jirani yake, hajui kusoma. Mkatekista alishafariki. Dada wanne wa Maman Nsimire hawajawahi kushika kalamu. Wa saba ni yeye mwenyewe.

Basi nani aliandika?

Kila jioni, kwa miaka hiyo yote, alikuwa amemwombea Josué raha ya milele, akidhani ni yeye peke yake duniani anayelikumbuka shati lile. Kumbe kuna mwingine. *Bwana,* aliomba, *nionyeshe mtu huyu nimshukuru.*

"Shairi la pili linaendelea nyuma," Gérard akasema kwa sauti ya chini. "Kila mutu amalize mwenyewe."

Karatasi zikageuzwa moja baada ya nyingine. Ya Maman Nsimire ikageuka mwisho. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akaanza kusoma polepole, midomo ikitembea kama mtu anayesali rozari.

*Migomba iliyobaki ilishika zamu,*
*nami nyuma yake na bunduki yangu.*
*Nikamwona mama akinifukia.*
*Sikutoka.*