Mgonjwa wa Kitanda cha Tisa

Lidia alilichovya shati safi kwenye beseni la maji ya klorini, akalikamua, akalifinyafinya mikononi mpaka likakunjamana kama shati lililolaliwa. Akalianika dirishani likauke kidogo kabla mke wa mwenye shati hajafika.

Mwenye shati, Sixte, alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita.

Alikufa Jumanne alfajiri, kwenye kambi ya kipindupindu iliyofunguliwa katika madarasa ya shule nje kidogo ya Mpanda. Manesi wa zamu walikuwa wawili, Lidia na mwenzake, wagonjwa sitini na wawili. Dripu ziliisha tangu Jumatatu. Lidia alikuwa akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na kijiko cha mwisho kilitiririkia shavuni.

Aliyekufa kwa ugonjwa huu hasubiri ndugu. Simu ya mkewe ilipigwa, haikupatikana. Kabla ya saa nne wazikaji walishamtia kwenye mfuko, wakampandisha kwenye pikapu na kuondoka naye.

Mkewe, Prisila, alifika saa sita kwa baiskeli kutoka Magamba, mtoto mgongoni. Siku hiyo alichelewa, na kitenge chake kilikuwa na udongo mwekundu magotini. Alisimama kwenye kamba ambayo ndugu hawakuruhusiwa kuivuka. Lidia alimwendea akiwa ameyapanga maneno yote. Kisha akamwona yule mtoto mgongoni, amelala mdomo wazi, maneno yakamkauka.

"Anaendelea," alisema.

Prisila alikung'uta udongo kwenye kitenge.

"Anaendelea?"

"Ndiyo, Mama Patrick. Anaendelea vizuri."

"Haya. Mungu ashukuriwe," alisema Prisila, akamkabidhi shati safi la mumewe.

Uongo ule ulitaka kulishwa kila siku. Kila asubuhi Lidia aliandika "Sixte, kitanda cha tisa" kwenye orodha ya wagonjwa, maana mlinzi, Ngolo, ndiye aliyekuwa akiwaita ndugu kwa orodha hiyo, na jina likikosekana ingejulikana mara moja. Orodha hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kwenye tangi la kambi: kwa kila mgonjwa, ndugu zake walipewa dumu moja la maji safi la kwenda nalo nyumbani. Lori la maji safi lilikuja leo, kesho halikuja. Vijijini visima vilifungwa, watu wakabaki na mto.

Prisila hakuwa msumbufu. Ndugu wengine walipiga kelele, walimtukana Ngolo, walitaka kuchungulia madirishani. Yeye alileta shati safi, akapokea lililovaliwa, akauliza, "Ameamkaje, sista?", akaitikia jibu, akachukua fungu lake la maji na kuondoka. Hakuomba hata mara moja kumwona mumewe. Lidia alijiambia, mama huyu ana imani ya ajabu, na hapo ndipo palipomchoma zaidi.

"Mwambie," Marsela, nesi mwenzake, alimwambia Lidia alipomkuta na lile beseni. "Unamnyima mwenzio hata kulia."

"Nitaanzia wapi sasa? Siku zote hizi?"

"Popote. Ila kumwambia utamwambia. Au unangoja mpaka lini, Sixte afufuke?"

Siku hiyo, Ijumaa, Prisila alipewa tena shati lenye mikunjo, na Lidia akasema tena, "Anaendelea."

Kitanda cha tisa kilikuwa kimeshalaza wengine wawili baada ya Sixte. Mmoja naye alikuwa ametolewa kwa mlango wa nyuma kama Sixte, ndani ya mfuko. Dripu zililetwa, zikaisha. Waliotoka kwa miguu yao walikuwa wachache, na kila mmoja nafasi yake iliingiwa na wawili. Lidia aliona hakuna alichobakiza mikononi isipokuwa kusema kweli. Hiyo angalau ilikuwa ndani ya uwezo wake.

Jumamosi asubuhi alilikata jina la Sixte kwa kalamu nyekundu, akampa Ngolo orodha.

Prisila alipofika, Lidia alivua glovu, akanawa mikono mara mbili, akaivuka kamba. Alimshika mkono, akamsogeza pembeni kwenye kivuli cha ukuta.

"Mama Patrick, nimekukosea. Nimekudanganya. Baba Patrick alifariki Jumanne alfajiri. Walimzika asubuhi ile ile. Nilishindwa kukuambia, nikashindwa tena kesho yake. Nisamehe."

Prisila hakulia. Aligeuza uso kwenye tangi, ambako Ngolo alikuwa anaita majina na wanawake wanasogeza madumu yao mmoja mmoja.

"Jina lake umeshalikata?"

"Nimelikata leo." Lidia alidhani mshtuko umemziba masikio. "Mama Patrick, umenisikia lakini? Mumeo amefariki."

"Nilijua, sista. Siku ile nilikutana na pikapu njiani, wazikaji wakanitajia jina lake, nikaifuata. Nilikuwepo mpaka wanamaliza kumfukia." Alimpandisha mtoto mgongoni, akakaza kitenge. "Nina watoto watano, na mpaka leo hajaugua hata mmoja. Kwa nini umeniambia?"