Siki

Muuguzi Emilienne alikuwa akikokota kitanda cha kupimia kansa ya shingo ya kizazi, kipelekwe kwa wagonjwa wa korona, mama mmoja alipotokea mlangoni na vumbi la njia ndefu ya kutoka Salamabila kwenye nyusi.

“Mama, kupima kumesimama. Rudi korona ikiisha.”

“Wa hapa Kasongo watarudi, muganga. Mie nimelala njiani, na damu inanitoka. Hiyo korona iko na siku ya kuisha?”

Emilienne akarudisha kitanda. Akampaka mama siki kwa pamba kwenye shingo ya kizazi, akangoja, akiomba ule weupe wa ugonjwa usitokee.

Ukatokea pole pole, kama utando wa maziwa.

“Muganga, umeona nini?”

Wabebaji waliofuata kitanda wakabisha hodi.

“Kitanda mutachukua kesho,” akawajibu, akifunga mlango kwa ufunguo.