Picha ya Jengo Jipya

Yaretzi alikuwa bado jukwaani, amevaa fulana ya chuo kikuu kilichompokea, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo, mkuu wa shule alipofunua picha ya jengo jipya.

"Mwakani tunapanuka!" alisema, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Yaretzi aliutambua mtaa wao jijini San Antonio kwa lile kanisa la pembeni. Baada ya kanisa ilipaswa kuwapo nyumba waliyopanga, yenye kibaraza cha bluu. Hapo palichorwa maegesho ya magari, mistari myeupe imenyooka, na kimti kimoja.

Mwenye nyumba hakuwa amewaambia neno.

Alimtafuta mama yake. Alikuwa safu ya tatu, amesimama, akipiga makofi kuliko wote. Miwani aliisahau kazini. Kwa mbali haoni kitu.

"Mwanangu huyo!" alimwambia jirani yake. Kisha akapaza sauti, "We Yare, wamechora nini hapo? Hebu tuambie sisi vipofu!"

Watu wakacheka. Mkuu, naye akicheka, akamkabidhi Yaretzi kipaza sauti.

Kilikuwa na joto la viganja vya waliokishika.

"Shule, mama," alisema. "Shule kubwa."