Mpe Polepole

"Ni koo tu limemvimba," mama alisema. "Mpe dawa, si wewe sasa ni daktari?"

Njoki, mwanafunzi wa udaktari aliyerudi nyumbani Mbotela kwa wikendi, alimpelekea kakake maji. Kabla kikombe hakijafika mdomoni, misuli ya shingo ya kakake iliruka, akakipiga kofi kikaanguka.

"Nina kiu," alilia.

Ndipo Njoki alipoona kovu dogo mguuni.

"Hili la nini?"

"Kale kambwa ketu kalimuuma, kabla hakajafa," mama alijibu. " Nilimpaka mafuta taa, kidonda kikapona."

"Hukumpeleka hospitali?"

"Kwa mbwa niliyemlea mwenyewe?"

Sindano ya kichaa cha mbwa ilikuwepo, lakini siku yake ilikuwa ile aliyoumwa na mbwa; dalili zikishaanza, haisaidii tena.

Mama alishaokota kikombe, akakijaza tena.

"Shika. Mpe polepole."