Jina Lililosomwa Bungeni

"Mheshimiwa Spika, Waziri atuambie ni lini atamtoa Idman kwa mwajiri anayempiga na kumfungia Uarabuni," mbunge wetu alisema redioni.

Hapa Elwak, mama yake Idman alikuwa akifukiza kibuyu cha maziwa. Mkono ukasimama, moshi ukampanda usoni.

Idman alikuwa ametimiza miaka tisa kaburini. Aliyesafiri ni mdogo wake, kwa cheti cha kuzaliwa cha marehemu, kwa kuwa umri wake mwenyewe ulikuwa haujatosha.

"Nampa mbunge ahadi yangu," Waziri akajibu. "Idman atarudi nyumbani kabla ya Ramadhani."

Pazia la mlango likainuka taratibu, bila upepo, likashuka, likainuka tena.

"Karibuni, wanangu," mama akasema, akatandika mikeka miwili: wa Idman, na wa mdogo wake aliyemfuata kutoka Uarabuni, naye sasa marehemu.