Mkono Mfupi wa Pedeli

Fundi alipima mara ya tatu, na kichwa kikazidi kumzunguka. Ekseli mpya ilikaa vizuri kwenye baiskeli ile kuukuu, lakini mikono ya zamani ya pedeli haikulingana. Wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

"Nani alikufungia hivi, mzee?"

Mzee akatazama pembeni.

"Weka mipya inayolingana," binti yake akadakia. "Walimpunja Baba, maskini, tangu sijazaliwa."

Fundi akainama kuokota spana, akaviona viatu vya mzee. Soli ya kushoto ilikuwa nene kuliko ya kulia, kwa vidole viwili.

Akainua uso. Mzee alikuwa ameweka kidole mdomoni.

"Dada, mipya haiingii kwenye baiskeli hii," fundi akasema, akiisukuma ile mikono mipya kwa mguu chini ya benchi.